Mama Kipimajoto na Nyayo za Fundi

Ukifika mtaani pale ukauliza nyumba ya fundi cherehani, utajibiwa kwa swali: "Unamtaka Fundi mwenyewe, au unamtaka Kipimajoto?" Kipimajoto ni mkewe. Jina hilo alibandikwa kwa kejeli, na waliombandika walicheka mpaka wakashika mbavu. Siku hizi wanalitamka kwa adabu, tena wanatanguliza "Mama". Na wakitanguliza hawajazidisha kitu, maana yule mwanamke ni mwanamke kweli.

Mambo yalianza na pasi. Fundi alikuwa kibarazani akinyoosha suruali ya mteja kwa pasi ya mkaa, huku akipiga soga, kwani yule bwana mdomo wake na cherehani yake vyote haviishiwi uzi. Kaa la moto likaruka likamtua juu ya mguu. Yeye akaendelea na hadithi yake. Mkewe, aliyekuwa akianua nguo, alinusa ngozi inaungua kabla mwenye ngozi hajajua lolote. Akalipangusa lile kaa kwa mkono mtupu, na ukelele akapiga yeye.

"We mwanamume! Huhisi?"

"Nihisi nini?" Fundi akauliza, na kweli alikuwa hajui.

Mwingine angekimbilia kwa majirani kutangaza maajabu. Huyu alichomoa pini kwenye kijimto cha pini, akamkalisha mumewe kitako, akaanza kumdunga taratibu kutoka gotini kwenda chini. Gotini Fundi aliruka na kutukana. Nyayoni alitulia tuli, anatazama pini kama anatazama mguu wa mtu mwingine. Asubuhi yake walikuwa kwenye benchi la kliniki ya ngozi kabla mlango haujafunguliwa.

Ulikuwa ukoma. Neno lilipotamkwa Fundi aliinuka aondoke, mkewe akamvuta shati akamrudisha kitini. "Mficha maradhi kilio humuumbua," akamwambia. "Kaa hapo usikilize."

Muuguzi wa kliniki, mama wa makamo asiyejua kuzungusha maneno, akaanza: "Baba, ugonjwa huu unapona. Ukianza dawa humwambukizi mtu. Sasa nisikilizeni. Kijidudu chake hakipendi joto. Majipu mnayaona makwapani na mapajani, kwenye joto na jasho. Huyu anajitenga, anakwenda kulikopoa: ncha za masikio, pua, vidole, nyayo. Huko anakula mishipa ya fahamu kimyakimya."

"Basi kwangu amepata jumba," Fundi akasema. "Mama watoto kila siku ananiambia nina miguu ya barafu." Alisema hivyo huku midomo ikimcheza. Mkewe alicheka ili asilie.

Dawa akazimeza mpaka zikaisha, ugonjwa ukaondoka. Lakini hisia za nyayo hazikurudi, na muuguzi hakuwadanganya kwamba zitarudi. Mguu usiosikia maumivu, alisema, ni nyumba isiyo na mbwa: mwizi anaingia na kutoka, mwenyewe amelala. Akamfundisha mke kazi. Kila jioni, Fundi akishapumzisha miguu, apitishe mgongo wa mkono kwenye unyayo mmoja, kisha mwingine, pale pale. Palipo na joto kuliko mwenzake, ndani nyama inapondeka hata kama ngozi ni nzima. Hapo mguu upumzishwe, bila mjadala. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Basi akaziba nyufa kila jioni, miaka nenda miaka rudi. Fundi alilalamika, "Mimi mkate? Mbona unanipapasa kujua kama nimeiva?" Majirani wakipita kibarazani wanamkuta ameshika miguu ya mume mapajani, macho juu, anasikiliza kwa mkono. Hapo ndipo jina lilipozaliwa. Wengine walisema amelishwa kitu. Yeye akawajibu, "Nimelishwa, ndiyo, tena nimeshiba," akaendelea na mguu wa pili.

Kisha akapata kazi ya kuosha vyombo mgahawani. Masufuria yale ya mafuta hayatakati kwa maji ya bomba, kwa hiyo mikono yake ilishinda ndani ya maji ya moto. Mgahawa ulikuwa hatua chache tu kutoka nyumbani. Jioni anafunga kazi, anajifuta kwa kanga, anaingia kibarazani, anamshika Fundi miguu. "Imepoa," anasema. Kesho tena, "Imepoa." Fundi anafurahi, anakanyaga cherehani.

Haikuwa imepoa. Chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia, pale panaposukuma kanyagio, nyama ilikuwa inapondeka. Siku ngozi ilipopasuka, vijidudu vingine, hawa wa kawaida wa uchafu, wakaingia. Mguu ukavimba mpaka kiatu kikakataa. Wakamlaza hospitali, na daktari akasema bila kupepesa: usaha ukifika kwenye mfupa, mguu utakatwa.

Fundi cherehani bila mguu! Kipimajoto alishika tama. Nyumba nzima inakula kwenye kanyagio lile, lakini si hilo lililomuuma. Kilichomuuma ni kwamba alikabidhiwa mguu ule aulinde, na kila jioni alikuwa akiushika kwa mkono wake mwenyewe.

Ulimpitaje moto ule? Jibu alilipata wodini. Alikuja mbio kutoka mgahawani, akamgusa mumewe paji la uso, akashusha pumzi. "Afadhali, leo umepoa."

"Amepoa wapi, mama?" muuguzi wa wodi akamshangaa. "Huyu anaungua, nimempima sasa hivi. Hebu lete mikono." Akaishika. "Loo! Wewe ndiye wa moto. Umetoka jikoni?"

Mama yule alitazama mikono yake, nyekundu viganjani, imekunjamana kwa maji. Akaelewa yote kwa pamoja. Akatoka nje ya wodi, akalia kwa kwikwi bila kujali wapita njia, na alipomaliza kulia akaosha uso kwenye bomba, akarudi kumlisha mumewe uji.

Mungu si Athumani. Usaha haukufika mfupani. Kidonda kilifunga polepole, Fundi akarudi nyumbani na viatu vya soli laini na onyo la daktari. Mikono ya mkewe sasa haikuaminika tena, kazi ya vyombo aliihitaji, na kusubiri ipoe aliona ni kubahatisha. Kwa hiyo akaanza kutumia shavu.

Ndivyo mama mkwe alivyowakuta. Alikuja kumwangalia mwanawe, akapiga hodi, akaingia, akaona mkwewe amepiga magoti, ameulaza uso juu ya unyayo wa mwanamume, amefumba macho. Bibi akadondosha kikapu.

"Yarabi! Mwanangu, umemfanya nini mtoto wa watu?"

"Nyamaza kidogo, mama," mkwe akasema bila kufungua macho. "Bado wa kushoto."

Yule bibi akaelezwa yote. Kisha akavua kitambaa chake cha kichwa, akakikunja, akakiweka sakafuni chini ya magoti ya mkwewe.

Sasa ukafika msimu wa sare za shule. Vitambaa vimerundikana hadi dirishani, wazazi wanagonga mlango, na Fundi, aliyekaa muda mrefu bila kazi, alikanyaga kama mwenye wazimu. Jioni moja shavu likasimama chini ya kidole gumba cha kulia. Likaenda kushoto, likarudi.

"Pana moto."

"Hakuna kidonda! Ngozi nzima, tazama mwenyewe!"

"Sikukuambia pana kidonda. Nimesema pana moto. Kesho hukanyagi."

"Na sare za watu nizishone kwa meno?"

Asubuhi Fundi aliamka akaikuta cherehani haina mkanda. Ule mkanda unaozungusha gurudumu ulikuwa kifuani mwa mkewe, ndani ya blauzi, mgahawani, unaosha naye vyombo. Fundi alifoka mpaka sauti ikamkauka. Wateja walikuja wakamkuta ameweka mguu juu ya kigoda, amenuna. Mmoja akamtania, "Fundi, mkeo kakunyang'anya usukani?" Akatamani ardhi ipasuke.

Mama aliporudi hakuomba radhi. Alivuta kigoda, akaketi ubavuni pa mumewe, akarudisha mkanda mahali pake, akaweka mguu wake mwenyewe kwenye kanyagio.

"Shika kitambaa."

"Wewe unajua kukanyaga?"

"Wewe unajua kunyamaza? Kidole kimoja hakivunji chawa. Shika kitambaa."

Jamani, mwanzo ulikuwa kituko! Huyu anataka polepole kwenye kona, yule anakwenda mbio, sindano inavunjika, wanatupiana maneno, pindo la sketi linakwenda upogo. Watu walikusanyika dirishani kutazama. Lakini siku baada ya siku mguu wa mmoja ulizoea mikono ya mwenzake, na sare zikatoka, zimenyooka, hata mbili tatu za mwisho zilikabidhiwa asubuhi shule inafunguliwa.

Jioni ile kibaraza kilikuwa kitupu. Mama alipiga magoti, akaulaza uso kwenye unyayo wa kulia, kisha wa kushoto. "Sawasawa," akasema. "Imelingana." Akataka kuinuka.

"Kaa kwanza," Fundi akamwambia.

Akamkalisha kwenye kiti chake, akashuka sakafuni kwa taabu, mguu mbaya kaunyoosha pembeni, akamvua mkewe kandambili. Akauinua mguu uliokanyaga sare zote zile, akauweka shavuni.

"We mzee, acha vituko, mie nahisi! Pakiuma nitajua."

"Najua unahisi," Fundi akasema, macho ameyafumba. "Nyamaza nipime."