Anayekaa na Hamadi Amehudhuria

Nakumbuka hitma ya arobaini ya mama mkwe wangu kwa sababu ya wali ulioungua. Naanza na wali, mwanangu, ujue mapema kwamba sikukuitia hapa kukuhubiria. Umeniambia mwanao ameonekana ana usonji, na tangu hapo huendi hata kwa jirani kuomba chumvi. Mimi nimepita hapo. Kaa nikusimulie.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, hapa hapa Bagamoyo. Mume wangu alikuwa dereva wa lori la mfanyabiashara mmoja, leo yuko Msata, kesho Segera, nyumbani anapita kubadilisha nguo. Mwanetu Hamadi alikuwa na miaka sita na hasemi neno. Ukimwita hageuki. Ukimfundisha kuamkia, anautazama mkono wako. Alipenda kupanga vifuu vya nazi mstari mmoja toka ukutani mpaka mlangoni, na ole wako ukisogeza kimoja. Neno usonji hatukuwa nalo. Wapo waliosema ana shetani, wapo waliosema nimemdekeza. Waganga nao walikula kuku wangu, Hamadi akabaki Hamadi.

Nilimchukua arusini mara moja. Ngoma zilipoanza aliziba masikio, akapiga kelele, akapindua sinia la pilau mbele ya mama wa bibi arusi. Nilimbeba nikaondoka, na tangu hapo sikwenda tena penye watu. Ningemwacha na nani? Mama mkwe mwenyewe alikuwa hainuki kitandani.

Wewe ni mtoto wa pwani, unayajua mambo yetu ya shughuli. Kwa mwenzio kukiwa na arusi au msiba, unakwenda asubuhi na kisu chako, unamenya vitunguu, unachagua mchele, unasugua masufuria. Usipokwenda, siku yako ikifika utapika peke yako. Hakuna atakayekugombeza, hawaji tu. Wenzangu waliona mlango umefungwa, mume ana lori, wakasema yule anajiona. Nami nilinyamaza, maana niliona aibu.

Mama mkwe alipofariki, mazikoni walikuja, kwa kuwa maziko ni faradhi. Siku ya arobaini walikuja wanaume tu. Walikaa barazani wakasoma hitma, na upande wa wanawake mikeka ilikuwa mitupu. Nilikuwa nakimbia baina ya jiko la uani na chumba alichokuwamo Hamadi, mpaka wali ukashika chini na harufu ya kuungua ikajaa nyumba nzima. Nilikaa chini pale pale jikoni nikalia.

Hapo akaingia Bi Mwanaidi. Huyo ndiye aliyekuwa akigawa kazi katika kila shughuli ya mtaa wetu. Akikwambia chota maji, unachota. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaitazama sufuria, kisha akanitazama mimi.

"Hukwenda kwa mtu. Nani aje kwako?"

Nilimshika mkono nikamfungulia chumba. Hamadi alikuwa amekaa katikati ya vifuu vyake, anajitikisa, masikio ameyaziba kwa sauti za wasomaji.

"Huyu nimwache na nani, bibi?"

Alimtazama muda mrefu. Hakusema maskini, hakuanza kumsomea. Aliniuliza haya nimemwambia nani, nikamjibu sijamwambia mtu.

"Basi wewe umetukasirikia kwa jambo usilotuambia," akasema, "na sisi tumekukasirikia bila ya kukuuliza. Sote hatuna akili."

Akajifunga kanga kiunoni, akachukua mwiko, akaupakua wali wa juu ambao haukuungua, wanaume wakala.

Arusi iliyofuata mtaani ilikuwa ya mpwa wake. Aliwaambia wanawake kwamba kuna kazi imeongezeka. Kuna kuchota maji, kuna kumenya, na kuna kukaa na Hamadi. "Anayekaa na Hamadi amehudhuria," akasema, "na sahani yake tutampelekea huko huko." Waliguna, lakini nani angembishia Bi Mwanaidi?

Wa kwanza kuja alikuwa Zuhura, jirani yangu wa nyuma. Nilimwelekeza asimshike ghafla, asiguse vifuu, na akiona ameziba masikio apunguze sauti. Kisha nikaenda kumenya vitunguu na wenzangu. Nililia sana siku ile, nikavisingizia vitunguu.

Niliporudi nilimkuta Zuhura amekaa sakafuni, anampa Hamadi kifuu kimoja kimoja, naye anapokea. Hakuinua uso aliposema, "Na mimi ninaye. Wa kike. Nimemficha Ubena kwa mama yangu."

Binti yule aliletwa nyumbani kabla ya Ramadhani. Sasa tukawa wawili. Tulikwenda kwa Bibi Maendeleo, yule mfanyakazi wa serikali aliyekuwa akifundisha wanawake kushona. Mambo ya watoto wetu hakuyajua, lakini alijua wa kumuuliza, na mwishowe tukaonana na daktari Dar es Salaam. Hakuwaponya. Alituambia si shetani wala si kudekezwa, akatuonyesha namna ya kuwafundisha kidogo kidogo. Nilirudi nimepata nafuu kubwa moyoni.

Kwa hiyo, mwanangu, sikiliza. Leo jina lipo, walimu wapo, ofisi ya ustawi wa jamii ipo, na wazazi wenzio wana vyama vyao. Rudi pale ulipoambiwa habari hii, uulize wazazi wengine wanakutana wapi, uende na mtoto. Hapa mtaani nako sema. Usiwaambie watu wakuombee tu, wataitikia amina waende zao. Waambie Jumamosi nina shughuli, nani atanikalia na mtoto, na hapendi hiki na hiki. Watu wengi si wabaya, hawajui tu washike wapi.

Hamadi ana mvi sasa. Juzi nilipolazwa hospitali, nilichowaza ni yeye tu. Nilirudi nikamkuta ameoga, amekula, vifuu vyake viko mahali pake. Mjukuu wa Zuhura alikuwa pembeni yake, ilikuwa zamu yake. Bi Mwanaidi alikwisha kufa zamani, na mjukuu huyo hakumwona kamwe.

Mungu akukuzie mwanao, akupe watu wa kukaa naye, na akupe ulimi wa kuwaomba. Sasa ondoka, nenda kwa jirani yako kaombe hiyo chumvi, na mtoto mchukue.