Madoa ya Buluu Mapajani

Siku yangu ya kwanza katika kliniki ya magonjwa ya zinaa hapa Toronto, sikukabidhiwa sindano wala dawa. Muuguzi Msimamizi, mama mrefu asiyependa porojo, alinipa lenzi ya kukuzia, kibano na taa ya mezani. "Kabla hujagusa dawa, jifunze kutazama," akaniambia. Nilinuna. Nilikuwa nimetoka hospitali ya wilaya kule Moshi, nimezalisha wanawake mpaka basi, leo nafundishwa kutazama! Wanangu mnaoanza uuguzi, chekeni tu, lakini chawa wa kinena walinishusha mabega.

Chawa huyu si yule wa kichwani. Wa kichwani ni mrefu na mwembamba. Huyu ni mfupi, mpana, ana makucha kama ya kaa, na hung'ang'ania shina la unywele utadhani ni kigaga cha ngozi. Mayai yake hugandia kwenye unywele. Mba ukiipuliza hupeperuka, yai la chawa halibanduki mpaka ulikwangue kwa ukucha. Tena haishi kwenye kinena tu. Nimemkuta makwapani, kifuani, ndevuni, hata kwenye kope. Kope hatukuzitia dawa ya kuua wadudu hata siku moja, tulizipaka mafuta mazito ya mgando ili chawa akose pumzi.

Watu wetu wa Afrika Mashariki ndio walioniudhi. Mtu anaona haya kumwambia daktari habari za nguoni, lakini haoni haya kujipulizia dawa ya mende huko huko! Walikuja wameungua, nami niliwagombeza kwa Kiswahili kwanza, ndipo nikawatibu.

Baadaye nilihamishiwa kliniki ndogo ya Etobicoke, chini ya Daktari Mfawidhi mmoja mpole, mwenye sauti ya chini. Huko ndiko alikokuja kijana wa Kikenya nitakayemwita Baraka, mfanyakazi wa ghala. Alikaa na koti lake la baridi, hataki kulivua.

"Mama, usijisumbue kunipima. Mimi najua ni nini."

"Ni nini?"

Alinionyesha mapaja. Yalikuwa na madoa ya buluu, kama wino uliovuja mfukoni. "Mjomba wangu alianza na madoa hivi hivi. Ukimwi. Tulimzika."

Nikamuuliza kama ana mke. Alikuwa naye, yuko Nakuru na mtoto wao, na viza zao zilikuwa zimetoka. "Nimemwambia asije. Nimemwambia nimebadilisha nia. Analia tu kwa simu. Wacha alie, kuliko aje nimpe kifo."

Maskini, alikuwa ameshajizika. Kwetu sisi tulioona watu wakiisha miaka ile, doa la ngozi halikuwa doa tu. Nilivuta taa, nikashika lenzi. Kwenye nywele za kinena nikaona kigaga, na kigaga kikanyanyua mguu. Nilimwita Mfawidhi naye atazame. Akatikisa kichwa kukubali, akaeleza kwamba chawa akiuma, mate yake huacha madoa ya buluu namna ile, na hufifia yenyewe.

"Chawa?" Baraka akasema. "Ni chawa tu?"

"Ni chawa tu. Lakini hawakuja kwa basi, mwanangu."

Akainamisha kichwa. Kulikuwa na mwanamke, mwezi uliopita. Tukamtoboa kidole kwa kipimo cha haraka cha ukimwi, kikatoka safi, ila ilibidi kirudiwe baada ya miezi mitatu. Alilia pale kitini, nami sioni haya kusema macho yangu yalilowa.

Matibabu yenyewe ni mepesi. Nilimpa krimu ya kupaka, akae nayo dakika kumi, aoshe, kisha achane mayai kwa kichana chembamba. Nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto na kukaushwa kwa mashine. Arudi baada ya wiki nimtazame tena, yule mwanamke naye aambiwe atibiwe, na asilale na mtu mpaka nimwambie amepona. Alipotoka nilimuuliza Mfawidhi, je, mkewe? "Kazi yetu ni kumponya," alisema. "Kuungama ataungama mwenyewe." Kipimo cha pili nacho kilitoka safi. Baada ya hapo sikumwona tena.

Sasa nimestaafu. Juzi juzi nilikuwa kwenye harambee ya kanisa hapa Etobicoke, nikamwona Baraka upande wa pili wa ukumbi. Sisi wauguzi hatumsalimu mgonjwa kwanza mbele za watu, kwa hiyo nikainamia sahani yangu. Mara mwanamke mmoja akaja kukaa kando yangu.

"Mama, wewe ndiye nesi wa chawa?"

Chapati ilinikwama kooni. Akanisogezea maji.

"Kunywa, usiogope. Aliniambia yote kabla sijapanda ndege. Nilimkasirikia, tena sana. Lakini mama, zile wiki aliponikataza nisije, mimi nilijua hanitaki, na nilikuwa nimeshaanza kumwambia mtoto kwamba baba yake hayupo tena."

Akamwita mtoto, mvulana mkubwa sasa, aje kunisalimia. Akaniamkia shikamoo vizuri kabisa, kisha akamuuliza mama yake kwa Kiingereza mimi ni nani.

"Huyu," akajibu, "ndiye aliyetuleta Kanada."