Hatua Ishirini Nyuma ya Kanisa

Nilipanda hadi kijiji cha mama, kule milimani, mwezi wa sita, kwenda kumwomba mjomba kiwanja. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na eneo alikozaliwa marehemu mama lilikuwa mikononi mwa mjomba, kaka yake. Nilikuwa nimeishi Dumila, Mikumi na Kilosa mjini, kote katika vyumba vya kupanga. Mjomba akikataa, sikuwa na mwingine wa kumwomba.

Bodaboda ilinishusha mtoni. Kutoka pale nikaenda kwa miguu, nikitazama. Wamisionari wa Kiingereza walijenga pale kana kwamba hawajaondoka kwao. Kanisa la mawe lina madirisha membamba yenye ncha. Mbele yake pana mawaridi, geti dogo la mbao, na njia inayoshuka kati ya mashamba ya maharage. Kitabu chetu cha Kiingereza cha kidato cha kwanza kilikuwa na picha ya kijiji cha Uingereza, na sisi watoto wa kule haikutushangaza. Tuliona ni kwetu tu, ila mchoraji kasahau migomba.

Nyuma ya kanisa nikafika kwenye eneo la mama. Nyumba ilishaanguka, umebaki msingi. Nikalipima kwa hatua, nikihesabu kwa sauti: ishirini upana, thelathini urefu. Katika shamba la jirani, wanawake wawili waliokuwa wakipalilia wakasimamisha majembe. Niliwapungia mkono, nikaendelea kufikiria mlango utazame wapi.

Nilipofika kwa mjomba, habari ilishanitangulia. Alikuwa barazani akipukuchua mahindi.

"Shikamoo, mjomba."

Hakuitikia. "Wewe ndiye afisa ardhi?"

"Hapana, mjomba. Ni mimi, mtoto wa dada yako."

"Mtoto wa dada yangu angepitia nyumbani kwanza. Nimeambiwa kuna mtu wa mjini anapima mashamba. Watu walitaka kupiga yowe."

Mkewe akacheka jikoni. "Anapima kwa miguu, masikini! Hata kamba hana!"

Nikaomba radhi. Mjomba akaendelea na gunzi lake mpaka likaisha.

"Rudi mtoni," akasema. "Uje upya. Na usipite mlango wa mtu bila kusalimia."

Nina miaka arobaini na tatu. Nikashuka, nikapanda tena. Kila nyumba shikamoo, kila nyumba wakiniuliza nilipotelea wapi. Wale wanawake wawili walikuwa wakinisubiri.

"Afisa, la kwetu hupimi?"

Ilishatimu saa tisa nilipofika tena barazani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Unatoka wapi?"

Kana kwamba hajaniona. Nikamwambia natoka Kilosa, nimekuja kuomba mahali pa kujenga, pale kwa mama.

"Unataka upana gani?"

Nikasita. "Sijui, mjomba."

Akanisogezea kikapu cha mahindi. "Basi kaa upukuchue. Kesho tutakwenda kupima wote."

"Ishirini kwa thelathini!" mkewe akapaza sauti kutoka jikoni.