Kipa Wetu na Machweo ya Ijumaa

Ijumaa ile, chumbani kwetu mtaa wa Bani Malik, huku ugenini tulikokuja kuendesha magari, tulijilaza sakafuni chini ya feni iliyozunguka kama inasinzia. Fainali ya timu za madereva ingeanza baada ya magharibi, joto likipungua. Kwenye simu yangu watu walibishana kama mchezaji Myahudi acheze Siku ya Upatanisho, siku yao ya kufunga, au akae nje. Nikasema acheze tu. Mungu gani anafuatilia ratiba ya ligi?

"Na mimi je?" akauliza kipa wetu, Msabato kutoka Kisii. Sabato yake ilianza jua likizama, na hatukuwa na kipa mwingine.

"Wewe kafili, tajiri wako, akikuita Jumamosi, si unaendesha gari?" nikamwuliza.

"Huyo ananilazimisha, buda. Nyinyi mnaniomba tu. Hapa ndipo pekee ninapoweza kukataa."

Mwanga ukutani ukageuka rangi ya chai. Adhana ilipoanza, alikuwa ananivalisha glavu zake, akizikaza taratibu, na mimi ambaye sijawahi kudaka mpira nikamwachia mikono.