Ganda la Kumi

Mie hasira zangu ziko mkononi. Watu wengine zinawapanda kichwani kwanza, wanapata nafasi ya kufikiri. Mie sina nafasi hiyo.

Siku ya posa ya kaka yangu, kule Yiti kwa wakwe, nlimpiga ngumi kaka wa bibi arusi. Tumekaa tunakula halua, yeye akamwambia mwenzake kwa Kiarabu, kwa sauti ya kutaka nisikie, "Hawa Wazinjibari bunduki wataazima wapi? Watatujia na dufu." Wazinjibari ndo sisi, Waarabu ambao wazee wetu walirudi huku kutoka Zinjibari. Nikakiweka kikombe cha kahawa chini, polepole, nikampiga ya pua. Damu ikamchuruzika kwenye dishdasha, kanzu yake nyeupe. Watu wanne ndo walioniondoa juu yake. Kaka yangu akanikaba ukosi.

"Mwendawazimu wee! Hawa wakwe zangu!"

"Kamtukana babu na bunduki yake."

"Babu kafa! Mie ndo naoa!"

Lakini lile neno lilikuwa limeshaingia. Kwa wakwe wale, bwana arusi akifika, upande wa mke wanapiga baruti tupu hewani, na upande wa mume wanajibu. Wao kumi, nyinyi kumi. Mkipungukiwa hata moja mtachekwa mpaka kwa wajukuu. Na bunduki tulikuwa nayo, ya babu, ile ndefu ya zamani inayotiwa risasi moja moja, ina kibali chake, imetundikwa ukumbini kwetu Sib. Tulichokosa ni maganda ya risasi. Ya bunduki ile hayatengenezwi tena viwandani.

Anayeyatengeneza ni ami, mdogo wake baba. Ana kijiduka Darsait cha kuziba rejeta za magari, na huko nyuma, pembeni ya jiliwa la kubania vyuma, anachukua maganda ya shaba ya bunduki nyengine, makubwa zaidi, anayabana kidogokidogo kwenye kalibu mpaka yakubali umbo la yetu. Hakunifundisha mtu. Nlikaa nikatazama mikono yake, nikaharibu ya kwangu, nikatukanwa, nikajua.

Baada ya ile ngumi aliniita dukani. "Umeipigania bunduki, basi njoo uilishe. Maganda kumi utayafanya wewe."

Kazi yenyewe inataka subira. Unaibana shaba mara moja, inakuwa ngumu. Ukiibana tena hivyo hivyo inapasuka. Lazima uitie moto kwanza, ilainike, ndo urudi kwenye kalibu. Bana, moto, bana, moto.

"Shaba kama wewe," ami akanambia, "ukiiharakisha inapasukia mtu usoni."

"Mie sijampasukia mtu, nlimpiga tu."

Akacheka mpaka akakohoa.

Yale saba ya mwanzo nliyafanya kwa adabu. Kisha simu ikalia. Yule wa Yiti kanitumia ujumbe wa sauti, pua yake bado inaziba anavyosema: "Habib, dufu mmeshalikaza ngozi?" Walahi nliona wekundu mtupu. Nlirusha tupa ukutani. Yale matatu ya mwisho niliyabana kwa nguvu za matusi, bila kuyatia moto tena. Ami akayashika moja moja kwenye mwanga wa mlangoni. Mawili akayapitisha kwa shida. La tatu akalikataa. Nyufa nyembamba, kama unywele, ubavuni. Akalikwaruza msalaba kitakoni kwa tupa, ndo alama yake ya kitu kibovu, akalitupa kwenye kopo. "Kesho utafanya jengine."

Kesho yake sikufanya. Ami alipokwenda kusali mie nikalitoa kwenye kopo, nikalijaza baruti pamoja na wenzake. Yeye akahesabu kumi, akaamini. Mie nikalitia mfuko wa peke yake, nkajiambia huenda wao wenyewe wasifike kumi, hatutalifikia. Na tukilifikia, ntalipiga mwenyewe.

Siku ya arusi tulifika Yiti baada ya alasiri, jua bado kali. Wao wakapiga, sisi tukajibu, anayepiga ni mie. Masikio yanavuma, moshi mzito, wanawake wanapiga vigelegele. Wao kumi. Sisi tisa. Nikasita.

Yule wa pua akapiga makofi. "Imekwisha! Khalas! Leteni dufu!"

Watu wakacheka. Nikalitoa mfukoni, nikalisukuma ndani, nikafunga. Naikweza bunduki begani, mkono wa kaka yangu ukaishika mtutuni.

"Nipe mie hii. Arusi yangu."

Nlikuwa na muda. Nataka mjue hilo. Nlikuwa na muda wa kusema neno moja, "wacha." Lakini yule mjinga anacheka mbele yangu, na kusema "wacha" maana yake ni tisa. Nikamwachia bunduki, akaipandisha begani, akafyatua.

Ganda likapasuka ubavuni, moto ukarudi nyuma. Kaka yangu hakupiga ukelele. Aliangusha bunduki, akakaa chini kwenye mchanga na joho lake la arusi, viganja usoni, damu inapita baina ya vidole. Mie nikaganda. Aliyembeba mpaka garini ni yule yule niliyempiga, kampakata kichwa njia nzima mpaka hospitali, anamwambia, "Usifumbue, akhi, ndugu yangu, usifumbue."

Jicho la kushoto halikupona.

Nyumbani wakamshika ami. Baba akamwambia mbele ya watu, "Mikono yako mizee inatetemeka, na bado unachezea baruti! Umempofua mwanangu." Ami alikuwa na lile ganda mfukoni, alilitoa mwenyewe kwenye bunduki, alishauona msalaba wake kitakoni. Akanitazama mara moja tu. "Ndio," akasema. "Kosa langu." Wakamkataza asikanyage kwetu.

Mie, ninayempiga mtu kwa ajili ya babu aliyekufa, nikamwacha ami aliye hai atukanwe. Siku nane.

Ijumaa tumekaa kwenye sinia la wali, kaka yangu na kitambaa chake jichoni, nikasema, "Lile ganda lilikuwa langu. Ami alilitupa, mie nikaliokota. Nlijua lina ufa. Nkakupa."

Kaka yangu akasukuma sinia, akainuka, akanipiga ngumi ya mdomo, jino likahama. Akavuta ya pili kwa nguvu zake zote. Ikapita pembeni ya sikio langu, ikaenda hewani, nusura aanguke. Sikukwepa. Alikosea tu umbali, kwa jicho moja.

Akasimama anautazama mkono wake.

Nikasogeza uso wangu upande wa kulia kwake, pale anapoona.