Maua Meusi ya Kasilda

Miaka ile mgodi wa madini ya risasi ulipoanza kuvuta watu Mpanda, Dafrosa wa Makanyagio alitibu ngozi kwa alichofundishwa na mama yake: utomvu wa shubiri na asali ya Ugalla. Aliyeungua, aliyewashwa na upupu, wote walipita uani kwake. Mtu aliulizwa kwanza amegusa nini, ndipo akapewa dawa. Leo nani anauliza?

Pasaka moja mjukuu wake Kasilda alirudi kutoka sokoni mikono imechorwa maua meusi. Mchoraji alikuwa Specioza, ambaye alikuwa ameitupa hina na kuchora kwa unga mweusi wa kupaka mvi. Hina ni nyekundu na huchelewa kukolea, na wasichana wa mjini hawakuwa na subira tena.

Siku chache baadaye maua yakavimba. Kila jani, kila kikonyo, kikajaa malengelenge, mchoro mzima ukasimama juu ya ngozi kama umeshonwa. Dafrosa akaosha, akapaka shubiri, akafunika kwa asali. Mikono ikapona. Sifa zake zikafika mpaka mtaa wa Kashaulili, na tusifiche, zilimnogea.

Lakini Dafrosa alikuwa mjane wa mrina asali. Msimu mmoja nyuki walimvimbisha mumewe, Felisiani, mkono, ukapona. Msimu uliofuata nyuki mmoja tu alimfumba macho na kumziba pumzi, akafia chini ya mzinga porini Ugalla, mbele ya Dafrosa. Warina asali wa zamani walijua kwamba mwili ukishachukizwa na kitu hausahau. Dafrosa naye alijua. Hakufikiri kwamba rangi nayo ni hivyohivyo.

Siku moja kabla ya harusi ya Kasilda, asubuhi, Specioza alikuja na bakuli lake.

"Safari hii mpaka kwenye viwiko," Kasilda alisema, akipandisha mikono ya gauni.

"Mke mwenzangu, yale malengelenge umeyasahau?" Dafrosa akamuuliza.

"Si uliyaponya, Bibi? Au asali umeilamba yote?"

Wanawake waliokuja kupikia harusi wakacheka. Specioza akadakia, "Mama, usinifukuzie wateja. Mimi nina rangi, wewe una dawa. Nyie mnaogopa nini?"

Dafrosa akacheka pia, akasogeza kibuyu cha asali karibu. Hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa yake.

Chakula cha mchana hakijaiva, Kasilda akaanza kujikuna. Mikono kwanza, kisha shingo, kisha kichwani.

"Bibi, midomo yangu mizito."

Dafrosa akamgeuzia uso kwenye mwanga. Kope zilikuwa zimevimba. Sura ile aliwahi kuiona, kule porini Ugalla. Akamsugua mikono kwa maji; maji yakawa meusi, maua yakabaki. Akamtia asali ulimini.

"Meza, mama."

"Haipiti."

Asali ikachuruzika pembeni mwa mdomo.

"Ongeza, Mama Dafrosa," Specioza alinong'ona. Hakuna aliyecheka sasa.

Dafrosa akaweka kibuyu chini. Maneno aliyosema hakuwahi kuyasema maishani mwake: "Hii sina dawa yake. Kimbieni mkasimamishe lori la mgodini, apelekwe kwa daktari."

Wakampakia nyuma ya lori, juu ya magunia. Dafrosa akapanda naye, akampakata. Barabara ilikuwa mashimo matupu. Kila pumzi ya binti ilipokwama, bibi alimwita jina, na kila alipoitwa, Kasilda alichelewa zaidi kuitika.