Daftari la Waliooshwa

Hajarah wa Namakwekwe hakuwa mtu wa kupendwa, na wala hakuhangaika kupendwa. Ukimsalimu alikujibu kwa mkato. Ukienda kwake kuazima chumvi, alikuuliza ile ya juzi uliipeleka wapi. Lakini mtu akifa upande ule wa mji wa Mbale, hasa Mwislamu maskini asiye na wa kumlilia, mlango uliogongwa kwanza ulikuwa wake. Yeye na wanawake wengine kumi walikuwa na kikundi walichokiita Sitara. Waliosha maiti za wanawake na watoto, wakashona sanda, wakawakabidhi wanaume wa msikitini kazi iliyokamilika. Malipo hawakutaka, na shukrani hawakupata.

Majirani walimwita mke wa afande. Ni kweli mumewe, Taban, alikuwa jeshini, katika kambi ya Jinja, wakati wanajeshi wakitawala nchi, na utawala ule ulipoanguka mwaka wa sabini na tisa alikimbilia kaskazini, akavuka mpaka, asirudi tena. Alikuwa mpishi. Alichowahi kuua ni kuku na mbuzi. Ila watu walioumizwa na jeshi hawana muda wa kuuliza nani alishika bunduki na nani alishika mwiko. Hajarah alipoingia Mbale mwaka ule na furushi lake moja, Kiswahili chake kilichonyooka kilimponza kabla hajapata hata chumba cha kupanga. Lugha ya kambini, walisema, wakamfungia milango.

Aliyeongoza chuki hiyo alikuwa Nabifo, katibu wa wanawake katika kamati ya mtaa. Huyu naye alikuwa na lake moyoni. Mumewe, Nicanor Wanyama, alikwenda Jinja mwaka wa sabini na saba kufanya kazi kiwandani, akapotea. Wakwe zake walisema kapata mwanamke Kenya. Kwa kuwa hapakuwa na maiti, hapakuwa na matanga, na kwa kuwa hapakuwa na matanga, Nabifo hakuwa mjane wala hakuwa mke, na katika vikao vya ukoo hakujua akae upande gani. Mwanawe wa kwanza alipotahiriwa, baba mdogo ndiye aliyesimama mahali pa baba, na alihakikisha kila aliyekuja kucheza ngoma anajua kwamba anamsaidia mtoto aliyetupwa. Miaka kumi na tatu Nabifo alimlaani Wanyama kwa sauti, mbele ya watoto wake mwenyewe.

Hajarah alijua Wanyama yuko wapi. Alijua tangu mwaka ule wa kwanza, siku aliposikia jina hilo likilaaniwa kisimani. Na alinyamaza.

Kunyamaza huko kulianzia Wanyange, kando ya ziwa, nje ya mji wa Jinja, alikozaliwa. Miaka ile ya wanajeshi, watu waliochukuliwa na magari yasiyo na namba walitupwa pembeni mwa mashamba ya miwa, na wanawake waliokwenda kutafuta kuni ndio waliowakuta. Kwa desturi mwanamume huoshwa na wanaume, lakini wanaume wa Wanyange waliogopa kuonekana na maiti ya mtu aliyeuawa na serikali. Mwalimu Yakub wa madrasa, mzee aliyekwisha kuchoka kuogopa, aliwaruhusu wanawake. Aliwaambia kwamba dhambi kubwa ni kuwaachia mbwa. Basi Hajarah na rafiki yake Nabirye wakafanya kazi hiyo. Walimwosha kila mtu kwa namna moja, wa dini yao na asiye wa dini yao, wakamzika chini ya mwinuko nyuma ya madrasa. Mfukoni mwa shati wengi walikuwa na tiketi ya kodi, iliyoandikwa jina la mtu na kwao, maana siku zile mwanamume hakutembea bila tiketi. Hajarah, aliyesoma hadi darasa la nne, alinakili jina na kwao katika daftari, kisha akaichoma tiketi.

Kupeleka habari hawakuthubutu. Fundi baiskeli mmoja, Mugweri, alipeleka kwa familia moja tu, na wiki iliyofuata naye akachukuliwa. Baada ya hapo midomo ilifungwa. Utawala ulipoanguka, Hajarah alitafuta namna ya kusema akaikosa. Angeanzaje, yeye mke wa afande, kuwaambia watu kwamba anajua wapendwa wao walipozikwa? Wangemuuliza amejuaje, na jibu wangekuwa nalo tayari. Huo ulikuwa woga, na woga nauelewa. Lakini siku moja Nabifo alimtemea mate miguuni sokoni, mbele ya watu, na tangu siku hiyo haukuwa woga peke yake. Kila alipomsikia Nabifo akimlaani mumewe, Hajarah alijisemea moyoni, laani, laani tu. Kwa hilo siwezi kumtetea.

Mambo yalibadilika mwaka wa tisini. Ule ugonjwa wa kukondesha watu ulikuwa umeingia mjini, na Sitara waliitwa kila wiki. Namakwekwe ni mtaa wa vyumba vya kupanga, vimebanana uani, na wenye nyumba hawakutaka maji ya maiti yapite mbele ya wapangaji. Siku moja walikuwa wakimwosha msichana mmoja nyuma ya mkeka uliotundikwa, wamefika mabegani, mwenye nyumba akaja akaung'oa mkeka. Wanawake walimfunika msichana kwa kanga zao, wakambeba hivyo hivyo, nusu akiwa ameoshwa na nusu bado, wakakatiza naye barabara huku waendesha boda boda wakitazama. Hajarah alirudi nyumbani na hasira yake. Kesho yake alikwenda barazani.

Alikuwa amesikia kwamba baraza la mji lina ruzuku kwa vikundi vidogo vinavyosaidia watu. Alichotaka ni kitu kimoja: banda lenye kuta, sakafu ya saruji na bomba la maji, pembeni mwa makaburi ya Waislamu. Afisa wa ustawi wa jamii aliitwa Romano, kijana mnene aliyeongea huku akitafuta kitu mezani. Alimuuliza kikundi kina watu wangapi. Kumi na mmoja. Romano akacheka. Kulikuwa na kikundi cha wafuga kuku, alisema, chenye watu themanini. Kisha akamuuliza wale wanaosaidiwa wako wapi, waje watie dole gumba.

"Wamekufa," Hajarah akasema.

"Wote?"

"Wangekuwa hai wangeoga wenyewe."

Romano hakuona la kucheka hapo. Alimwambia alete majina yao kwa maandishi, la sivyo asimpotezee muda, kwa sababu mji ulikuwa umejaa vikundi hewa na kila mama mwenye mdomo alijifanya mwenyekiti. Hajarah hakuhitaji kusukumwa zaidi. Alirudi kwake, akatoa daftari chini ya godoro, lile lile alilolianza Wanyange na kuliendeleza Mbale, akaja akalibwaga juu ya meza ya Romano. Alitaka kumtia haya. Romano alifungua ukurasa wa mwisho, akaona kweli majina ni mengi, akagonga muhuri.

Hapo tu ndipo alipomweleza utaratibu. Jumamosi, kwenye uwanja wa shule ya Nabuyonga, orodha ya kila kikundi ingesomwa hadharani, jina kwa jina, ili mwananchi mwenye pingamizi aseme. Ndivyo baraza lilivyokamata vikundi hewa. Na kamati za mitaa zingekaa meza ya mbele, Nabifo akiwemo.

Hajarah aliomba daftari lirudi, jina moja litolewe. Romano alikataa. Jina moja likitolewa, alisema, watasema yote ni ya kutunga, na banda mlisahau. Nabirye, waliyetoka naye Wanyange, alimwambia kuna njia moja tu, aende kwa Nabifo kabla ya Jumamosi, amweleze kwa mdomo wake. Hajarah aligoma siku tatu. Alisema hana mdomo wa kumbembeleza mtu aliyemtemea mate. Nabirye akamuuliza kama ni Wanyama aliyemtemea.

Ijumaa alasiri akaenda. Nabifo alikuwa mlangoni akichambua mchele kwenye ungo. Hakuinuka, hakumkaribisha, hata kigoda hakumsogezea.

"Mama, nina neno," Hajarah akasema.

"Mimi na wewe hapana na maneno. Kama ni ile pesa ya baraza, tutakutana kwa uwanja."

"Si ya baraza. Ni la mumeo."

Nabifo akaweka ungo chini. "Wewe mke ya askari usitaje bwana yangu. Kama nyinyi hamkumaliza yeye, basi yeye iko Kenya na malaya. Toka hapa."

Sentensi moja ingetosha. Ilikuwa pale pale ulimini, maneno manne au matano, na jirani hata mmoja hakuwepo wa kusikia. Lakini lile neno la mke wa askari lilimpanda kichwani, akaona kizunguzungu cha ghadhabu, na kilichotoka kinywani mwake kilikuwa kingine.

"Haya. Utamsikia uwanjani," alisema, akageuka akaondoka.

Jumamosi uwanja ulijaa. Romano alisoma wafuga kuku, akasoma washona vikapu, watu wakipiga miayo. Alipofika Sitara alitangaza kwamba haya ni majina ya waliohudumiwa, akaanza ukurasa wa kwanza kwa sauti ya kuharakisha. Jina la tatu, mzee mmoja katikati ya watu aliinua kichwa. La saba, mwanamke akauliza kwa nguvu hayo ni majina ya nani. Romano, ambaye ukurasa huo alikuwa hajausoma, alitazama tarehe pembeni, akapunguza mwendo. Hakujua aache au aendelee. Akaendelea.

"Nicanor Wanyama, wa Mbale. Mwezi wa sita, sabini na saba. Wanyange."

Nabifo aliomba lisomwe tena. Likasomwa. Kisha akatoka nyuma ya meza, akapita katikati ya watu hadi aliposimama Hajarah.

"Nani aliosha yeye?"

"Mimi na Nabirye."

"Alikuwa na alama gani?"

"Kidole cha mwisho, mkono wa kushoto. Kilikatika zamani kikapona."

Nabifo alifumba macho kidogo.

"Wewe unajua mimi tangu lini?"

"Tangu sabini na tisa."

"Na jana ulikuja kwa mlango yangu."

"Nilikuja," Hajarah akasema. Alitaka kusema kwamba alifukuzwa, na hiyo ilikuwa kweli, ila aliona haitamsaidia mtu.

"Miaka kumi na tatu mimi nalaani maiti," Nabifo akasema, taratibu, kila mtu akisikia. "Watoto yake nimewafundisha kulaani yeye. Ile laana yote ilikuwa imepotea njia. Leo nakupa, ni yako."

Hajarah, mgomvi wa siku zote, alisimama pale pale akaipokea.

Romano, jasho likimtoka, aliuliza, kama utaratibu unavyotaka, nani ana pingamizi juu ya kikundi cha Sitara. Nabifo ndiye aliyenyoosha mkono. Alisema kazi ilifanyika na hakuna wa kuikana, hao akina mama wapewe banda na wapewe maji. Pingamizi lake lilikuwa kwa mtu mmoja. Huyu asiguse maiti ya mtu yeyote wa mji huu tena, na jina lake likiwa ndani ya kikundi, kamati ya mtaa haitii sahihi. Yule mzee na yule mwanamke wakasema wanaunga mkono. Nabirye alisimama kutaka kubisha, Hajarah akamshika nguo akamkalisha.

"Kubali," alimwambia. "Yule msichana tulimbeba barabarani."

Basi ikaandikwa hivyo. Wiki ile ile wakwe wa Nabifo walikodi gari kwenda Wanyange kuonyeshwa kaburi, na aliyewaongoza ni Nabirye. Matanga yakafanyika baada ya miaka kumi na tatu, na Nabifo akakaa kwenye majani ya migomba, mahali pa mjane. Alilia kwa sauti iliyosikika mtaa mzima, na Hajarah aliisikia akiwa ndani kwake amefunga mlango.

Mwezi uliofuata Romano alikuja makaburini na fundi kupima banda. Wanawake kumi walisimama naye wakionyesha mlango ukae wapi. Hajarah alikuwa upande wa pili wa barabara, akijifanya anangojea mtu. Aliwaona wakilichora bomba nje, ukutani, kwa kuwa ndivyo mabomba yote ya baraza yalivyokaa. Alivumilia kidogo, kisha akavuka barabara, akamwambia Romano bomba liwe ndani, mtu asilazimike kufungua mlango kufuata maji wakati maiti iko wazi. Romano alimtazama, akasema yeye hayumo katika kikundi, na kwenye karatasi lazima aandike nani ameomba.

"Andika kwamba wao ndio wameomba," Hajarah akasema, akavuka barabara akarudi kwake.